Rutuba Inayohama: Udongo wa Maeneo Makavu ya Tropiki

Miaka kadhaa iliyopita nilikusanya sampuli za udongo katika sehemu tatu zilizopakana: kichaka ambacho hakikuwa kimelimwa kwa muda mrefu, shamba la nafaka, na eneo la malisho. Nia yangu ilikuwa kuona ni kiasi gani cha virutubisho ambacho shamba lilikuwa limepoteza likilinganishwa na kichaka. Kichakani nilichimba mwishoni mwa kiangazi. Shamba nililiacha kwa sababu jembe lilikuwa haliingii ardhini, nikalirudia baada ya mvua mbili za mwanzo, udongo ulipokuwa umelainika. Majibu ya maabara yaliponifikia, shamba lilionekana kuwa na nitrati nyingi, yaani nitrojeni katika umbo ambalo mmea huweza kuifyonza, kuliko kichaka, na kwa siku mbili tatu nilijiona nimegundua jambo kubwa. Nilichokuwa nimepima ni tarehe.

Yaliyonikuta yalikwisha kuelezwa tangu miaka ya 1950 na H. F. Birch, mtafiti aliyefanya kazi Muguga, nchini Kenya. Alionyesha kwamba udongo uliokauka sana unapolowa tena, vijidudu vilivyosalia huamka kwa pupa, huvunjavunja mboji pamoja na mabaki ya vijidudu vingine vilivyokufa kwa ukame, na kwa siku chache huachia nitrojeni kwa kasi ambayo haitaonekana tena msimu mzima. Kadiri kiangazi kinavyokuwa kirefu, ndivyo wimbi hilo linavyokuwa kubwa. Hapo ndipo matumizi ya ardhi yanapoingia kwa mara ya kwanza, kwa maana nitrati haishikwi na chembe za udongo, bali huyeyuka majini na kushuka pamoja nayo. Kichakani mizizi ya kudumu ipo tayari kuipokea. Shambani, katika wiki hizo za mwanzo, hakuna mzizi hata mmoja, au ipo mizizi ya miche ambayo haijafika mbali. Mkulima anayepanda mapema anaijua faida yake hata kama hajawahi kusikia neno nitrati, kwa kuwa mmea ulioota pamoja na mvua ya kwanza hula akiba ambayo mmea uliochelewa wiki tatu huikuta imekwisha kuzama.

Tangu kosa hilo nimekuwa na mashaka na kila sentensi inayosema kwamba kilimo kimemaliza rutuba ya mahali fulani. Katika maeneo haya, ambako mvua hunyesha kwa miezi michache na jua hutawala miezi iliyobaki, rutuba imelala kwenye tabaka jembamba la juu, imejikusanya kwa mabaka, na haitulii: hushuka na maji, hupandishwa na mizizi, hutembea na kwato, hupaa na moshi, husombwa na kwenda kulala bondeni. Kufyeka, kulima, kuchunga, kuchoma na kulaza shamba, yaani kuliacha lipumzike, ni namna mbalimbali za kuzifungua au kuzifunga njia hizo. Kuuliza rutuba imekwenda wapi, na ni nani aliyeibeba, kumenifaa zaidi kuliko kuuliza kimebaki kiasi gani.

Inafaa kwanza kuona jinsi akiba yenyewe ilivyo ndogo. Udongo mwingi wa tropiki kavu ni wa kale, umeoshwa na kuoza kwa muda mrefu mno, na mfinyanzi wake, hasa ule uitwao kaolinaiti, una uwezo mdogo wa kushikilia kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Yapo mabonde ya udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika, na ipo miteremko ya volkano yenye neema, lakini kwingineko kazi ambayo mfinyanzi ungeifanya huiangukia mboji, nayo mboji ni haba, kwa sababu joto huharakisha uozaji na ukame hupunguza majani na mizizi ya kuoza. Chukua hekta moja ya udongo wa kichanga, tabaka la sentimita 10 za juu. Uzito wake ni takriban tani 1,400. Ikiwa nitrojeni ni asilimia 0.05, kiwango cha kawaida kabisa katika udongo wa aina hiyo, akiba yote ni kilo 700, na karibu yote imefungwa ndani ya mboji, ambamo mmea hauwezi kuifikia. Ikiachiwa asilimia 3 kwa mwaka, mmea utapata kilo 21, tena ikiwa hakuna kinachopotea njiani. Tani moja ya punje za mahindi hubeba takriban kilo 15 za nitrojeni, na mabua yake huongeza kilo kadhaa juu ya hizo. Kwa maneno mengine, shamba lisilopata chochote kutoka nje, likiwa na akiba hiyo, linaweza kulisha mavuno ya tani moja hivi. Mboji ikipungua nusu, mavuno hufuata.

Kupungua huko huanza siku ya kufyeka. Moto wa kusafishia shamba hupandisha nitrojeni na salfa hewani kama gesi, kwa kuwa nitrojeni huanza kutoroka kwenye joto la takriban nyuzi 200 za Selsiasi, ilhali potasiamu na fosforasi huhitaji nyuzi zinazozidi 700 na kwa sehemu kubwa hubaki ndani ya majivu. Majivu nayo hupunguza tindikali ya udongo na kuweka mezani, kwa mara moja, kalsiamu na potasiamu ambazo miti ilizikusanya kwa miongo. Ndiyo maana shamba jipya huzaa vizuri mwaka wa kwanza na wa pili, na ndiyo maana watu waliolima kwa kuhamahama hawakuwa wajinga, kama vitabu vingi vya zamani vilivyopenda kudokeza. Walikuwa wakitumia mtaji uliokusanywa na mimea, kisha wakiondoka kabla mtaji haujaisha. Utaratibu huo huvunjika pale muda wa kulaza shamba unapofupishwa, kutoka miaka 20 hadi mitano, kutoka mitano hadi miwili, huku mazoea ya kuchoma yakibaki yale yale.

Baada ya moto huja jembe. Katika udongo usiolimwa, sehemu ya mboji imejificha ndani ya mabonge madogo ambayo vijidudu haviwezi kuyapenya. Kulima huyavunja, hewa huingia, na kilichokuwa salama huliwa. Udongo wa kichanga hupoteza haraka kuliko wenye mfinyanzi, kwa sababu hauna mahali pa kuificha mboji, na hasara kubwa hutokea katika miaka michache ya mwanzo. Baadaye mteremko hulegea, na shamba hutulia kwenye kiwango cha chini ambacho linaweza kukaa nacho kwa muda mrefu bila kuonekana kuzidi kuharibika. Mtu anayelipima shamba katika hali hiyo atasema kilimo hakidhuru. Aliyelipima miaka kumi kabla atasema kinaua. Wote wawili watakuwa na takwimu sahihi mkononi.

Ulinganisho wa kichaka na shamba una mitego mingine miwili ambayo, kwa maoni yangu, imepotosha taarifa nyingi kuliko makosa ya maabara. Wa kwanza ni kwamba watu hawalimi popote tu. Aliyefika wa kwanza alichagua udongo mzuri, akaacha mwamba, changarawe na mteremko mkali. Kichaka kilichobaki leo mara nyingi kimebaki kwa sababu hakikufaa, na kukichukua kama picha ya shamba lilivyokuwa zamani ni kulinganisha vitu ambavyo havikuwahi kulingana. Wa pili ni uzito. Udongo wa kichakani, wenye mizizi na vitundu vya wadudu, unaweza kuwa na gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali wa shambani uliokanyagwa na kulimwa ukafikia 1.5. Anayechimba sentimita 10 pande zote mbili amebeba tani 1,200 za udongo kwa hekta upande mmoja na 1,500 upande wa pili, tofauti ya robo nzima kabla hajapima kirutubisho chochote. Taarifa inayotoa asilimia peke yake, bila kutaja kina na uzito wa udongo, mimi huisoma kama tetesi.

Mavuno ni mlango mwingine wa kutokea, na kila kirutubisho kina njia yake. Fosforasi na sehemu kubwa ya nitrojeni huondoka na punje, kwa hiyo huenda mbali, hadi kwa mlaji. Potasiamu hubaki kwenye mabua. Mabua yakiachwa shambani, potasiamu haina safari ndefu. Yakibebwa kwenda kulisha ng'ombe, kuezeka au kuwashia moto, hasara ya potasiamu inaweza kuzidi ile ya punje mara kadhaa. Nimeona watu wakishauriwa kurudisha mabua shambani kana kwamba ni suala la uvivu, wakati mabua hayo ndiyo chakula pekee cha mifugo katika miezi mikavu. Ushauri usiosema mifugo itakula nini ni nusu ya ushauri.

Mwaka 2002 Pedro Sanchez, mtaalamu wa udongo wa tropiki, alichapisha makala iliyotumiwa sana, akieleza kuwa mashamba ya nchi 37 za Afrika yalikuwa yamepoteza, kwa wastani, kilo 22 za nitrojeni, kilo 2.5 za fosforasi na kilo 15 za potasiamu kwa hekta kila mwaka katika muda wa miaka 30. Takwimu hizo zilifanya kazi njema ya kuwaamsha watunga sera, na mwaka 2006 mkutano wa Afrika kuhusu mbolea uliofanyika Abuja, Nigeria, uliazimia kupandisha matumizi ya mbolea barani kutoka kilo 8 za virutubisho hadi 50 kwa hekta ifikapo mwaka 2015, lengo ambalo halikufikiwa. Hata hivyo hesabu ya namna hii hupatikana kwa kujumlisha yanayoingia na kutoa yanayotoka, na vipengele vigumu zaidi, yaani mmomonyoko na uzamaji wa nitrati, hukadiriwa kwa fomula badala ya kupimwa shambani. Udongo unaosombwa kutoka hekta moja huandikwa kuwa umepotea, ingawa mara nyingi umetua mita 200 chini, kwenye shamba la jirani au kwenye mpunga wa bondeni. Wastani wa bara zima hauna namna ya kuyaona hayo, na mkulima mwenye shamba la nyuma ya nyumba lililonona kwa takataka za jikoni na shamba la mbali lililokonda anajua kwamba wastani wa mashamba yake mawili haumweleweshi lolote.

Mifugo ndiyo wabebaji wakubwa kupita wote. Ng'ombe hula mchana kwenye eneo pana na kulala usiku mahali padogo, na kwa hiyo kila siku huchota virutubisho malishoni na kuvimwaga zizini. Kinyesi chaweza kubebwa hadi shambani, lakini mkojo, ambao huwa na takriban nusu ya nitrojeni anayoitoa mnyama, huingia kwenye sakafu ya zizi au hugeuka amonia na kupaa. Ndiyo maana kuwalaza wanyama juu ya shamba lenyewe wakati wa kiangazi, kwa kuhamisha ua kila baada ya usiku chache, huzalisha kuliko kubeba samadi iliyokauka, ingawa wanyama ni wale wale. Malisho kwa upande wake hulipa gharama taratibu, na gharama hiyo haionekani katika taarifa zinazosifu samadi, kwa kuwa anayepima shamba ni nadra kwenda kupima mahali nyasi zilikotoka.

Juu ya ukaidi wa mabaka hayo, hakuna mfano ninaoupenda kuliko ule wa Narok, kusini magharibi mwa Kenya. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchunguzi wa maeneo matano yaliyokuwa makazi ya wafugaji kati ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita. Samadi iliyokusanyika katika mazizi yao imegeuka tabaka la kijivu ardhini, na bado ina fosforasi, kalsiamu, magnesiamu na nitrojeni kwa wingi kuliko mbuga inayoizunguka. Nyasi zake ni bora, wanyamapori huzifuata, nao hudondosha kinyesi chao hapo hapo na kuliendeleza doa hilo. Sehemu isiyo kubwa kuliko uwanja wa michezo imebeba kumbukumbu ya uamuzi wa mahali pa kulaza ng'ombe kwa maelfu ya miaka. Anayedhani rutuba ya tropiki ni kitu cha kupita tu akumbuke pia mazizi hayo.

Maji yanayotiririka ndiyo mbebaji asiyerudisha. Mvua za maeneo makavu ni chache lakini huja kwa hasira, tena hukuta ardhi ikiwa uchi, kwa sababu mazao yamevunwa na mabua yameliwa. Katika miaka ya 1930, vipande vya majaribio viliwekwa Mpwapwa, katikati ya Tanzania ya leo, na matokeo yake hayajapoteza makali: kwenye ardhi iliyoachwa tupu, karibu nusu ya mvua ilitiririka na kuondoka, na udongo uliosombwa ulizidi tani 140 kwa hekta kwa mwaka; kwenye shamba la nafaka takriban robo ya mvua ilipotea pamoja na makumi ya tani za udongo; chini ya nyasi na chini ya vichaka visivyochungwa, mtiririko ulikuwa mdogo sana na udongo haukuondoka kwa kiasi cha kuhesabika. Kinachosombwa kwanza ni chembe laini na mboji, ndizo zenye virutubisho, kwa hiyo tope linaloondoka huwa tajiri kuliko udongo unaobaki. Si mbali na hapo, katika vilima vya Kondoa vilivyokuwa vimechimbika makorongo, serikali iliwaondoa mifugo wote mwaka 1979. Uoto ulirudi ndani ya miaka michache. Tabaka la juu lililokwenda na maji halikurudi nao, maana nyasi huota juu ya udongo wa chini pia, na kijani kinachoonekana kwa mbali hakisemi kitu kuhusu fosforasi.

Miti nayo imesemewa mengi, mengine kwa kupitiliza. Ni kweli kwamba chini ya kivuli cha mti uliosimama peke yake shambani au mbugani, kaboni, nitrojeni na potasiamu huwa nyingi kuliko mita 15 pembeni. Majani huanguka, ndege na mifugo hupumzika hapo na kuacha kinyesi, vumbi hunaswa na matawi, na mizizi mirefu huleta juu kilichozama. Swali ambalo ni halali kuuliza ni kama mti uliitengeneza rutuba au uliota pale kwa kuwa palikuwa na rutuba, pengine juu ya kichuguu cha zamani, na jibu la uaminifu ni kwamba yote mawili hutokea. Pia sehemu ya kilichopo chini ya mti kimevutwa kutoka pembeni, kama vile samadi ilivyovutwa kutoka malishoni. Hata hivyo Faidherbia albida ina sifa ambayo miti mingine haina: hupukutisha majani mvua zinapoanza na kuchipua kiangazi, kwa hiyo haigombani na mazao kwa mwanga, na majani yake huoza wakati mmea unapoyahitaji. Kusini mwa Niger, hasa Maradi na Zinder, wakulima waliacha visiki vichipue, wakavipogoa na kuvitunza tangu miaka ya 1980, na eneo lililorudi kuwa na miti linakadiriwa kufikia hekta milioni 5. Hawakupanda kitu, waliacha kung'oa.

Mbolea ya dukani ina nafasi yake, na siwaelewi wanaoikataa kwa misingi ya imani. Lakini jaribio la muda mrefu la Saria, Burkina Faso, lililoanza mwaka 1960, linaonyesha mahali inapokwama. Vipande vilivyopewa mbolea za chumvichumvi pekee vilizaa vizuri mwanzoni, kisha tindikali ikapanda, kalsiamu na magnesiamu zikapungua, na mavuno yakashuka; vile vilivyochanganyiwa samadi vilistahimili. Sababu yake imekwisha kutajwa hapo juu: udongo usio na mboji hauna mikono ya kushika unachopewa, na amonia ya mbolea inapogeuka nitrati huacha tindikali nyuma yake. Wakulima wa Yatenga, katika nchi hiyo hiyo, walikuwa na jibu lao. Mashimo ya zai, yenye upana wa sentimita 20 hadi 30, huchimbwa wakati wa kiangazi kwenye ardhi iliyofunga ukoko, yakawekwa samadi kiganja kimoja au viwili. Mchwa huifuata samadi na kutoboa ukoko, maji hupata pa kuingia, na kiasi kidogo cha rutuba hukaa kwenye mzizi badala ya kutawanywa kwenye hekta nzima. Ni mabaka yale yale ya asili, safari hii yamepangwa kwa mistari.

Fosforasi peke yake haikubali ujanja wa namna hii. Nitrojeni yaweza kuchotwa hewani na mimea ya jamii ya kunde, ingawa bakteria wa mizizini hawafanyi kazi ipasavyo pale ambapo fosforasi ni haba, hivyo kunde zilizopandwa kwenye udongo uliokonda mara nyingi hurudisha kidogo kuliko zilivyotarajiwa. Potasiamu hurudi na majivu na mabua. Fosforasi hutoka kwenye mwamba uliozaa udongo, na kama mwamba huo ulikuwa maskini, au kama oksidi za chuma zimeikamata, kulaza shamba kwa miaka kumi kutairudisha juu ile iliyopo chini bila kuongeza hata gramu moja. Samadi huihamisha kutoka malishoni, ambako pia haikuwa nyingi. Mwishowe lazima itoke nje ya shamba na nje ya malisho, kwenye mfuko wa mbolea au kwenye mwamba wa fosfeti uliosagwa, kama ule wa Minjingu karibu na Ziwa Manyara au wa Tilemsi nchini Mali, ambao huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali na vibaya kwenye udongo wa chokaa. Kabla ya kuunyunyiza, basi, pima pH, yaani kiwango cha tindikali ya udongo, na kwenye lebo ya sampuli andika kina, mahali ilipochukuliwa, na tarehe.